Tanini ni nini, na kwa nini waini nyekundu inakausha mdomo

Ushawahi kupiga funda la kwanza la waini nyekundu ya Kifaransa, fizi zikakauka, ulimi ukawa kama umelamba gunia, ukasema hii imeharibika? Haijaharibika. Hiyo ndo kazi ya tanini, kemikali ya asili inayotoka kwenye mimea, na hali hiyo Kiswahili tuna neno lake la siku nyingi tu, ukakasi, ule ule wa bibo au ndizi mbichi. Watu wanauchanganya na uchungu. Uchungu ni ladha, kama mwarobaini, ila ukakasi unausikia kama kitu kinakwaruza, maana tanini inanasa protini za mate, yale mate yanayofanya mdomo uteleze, basi unabaki mkavu. Ukitaka kujaribu bila kununua chupa, chemsha chai ya rangi, acha majani humo dakika 10, usitie sukari, halafu izungushe mdomoni. Umeipata.

Kwenye zabibu inakaa kwenye maganda, mbegu na vikonyo. Waini nyeupe, juisi inakamuliwa na maganda yanatupwa mapema, nyekundu inachachuka pamoja nayo siku kadhaa au wiki kabisa, rangi inatoka humo na ukakasi humo humo. Mapipa ya mwaloni nayo yanaongeza, ila chupa za bei nafuu nyingi hazijaonja pipa jipya, ni ghali.

Sasa tabu ya Wafaransa, lebo inataja mahali, aina ya zabibu mara nyingi hawaandiki, ujijulie mwenyewe. Bordeaux nyekundu ni hasa mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon, yenye ganda nene na ukakasi wa kutosha, na Merlot ambayo ni laini zaidi, na zile za bei ya chini mara nyingi Merlot ndo imejaa. Côtes du Rhône kwa kawaida Grenache iko mbele, ukakasi wa wastani, mi ukiniuliza chupa ya kuanzia ndo hiyo. Beaujolais ni Gamay, laini kabisa. Madiran ya kusini magharibi wanatumia zabibu inaitwa Tannat, jina lenyewe linakuonya, usianzie huko.

Na usiinywe kavu kavu, bila chakula. Jamaa yangu alikuwa kila waini nyekundu anaitia soda, siku moja nikamwambia onja kwanza hivyo hivyo, akakunja uso, haya tafuna mshikaki wenye mafuta kidogo, onja tena. Akaniuliza kama nimebadilisha glasi! Ni ile ile, sema tanini imepata protini nyingine ya kushika na mafuta yamelainisha mdomo.

Halafu friji. Baridi inazidisha ukakasi, so Bordeaux ikilala humo usiku kucha unajitafutia, lakini joto la Dar nalo linaifanya inuke spiriti. Dakika 20 zinatosha. Beaujolais iache hata saa nzima.