Kumbukizi ya mwanasayansi ni hauli ya namna gani?

Mpwa wangu anasoma kidato cha pili hapa Tanga. Mwezi wa tisa aliambiwa aandike ukurasa mmoja wa kubandikwa ubaoni, kuhusu kumbukizi ya kifo cha Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa. Jioni akaja barazani kwetu Ngamiani, daftari mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama."

"Nimeandika 'leo tunasherehekea kifo cha Pasteur', mwalimu kapiga mstari mwekundu. Kosa liko wapi?"

Babu yake alikuwa anamimina kahawa. Akacheka hata kikombe kikamtetemeka. "Mtu kafa, nyie mnasherehekea? Andika hauli!"

Mzee hakuwa mbali na jibu. Hauli tumeipata kwenye Kiarabu, na asili yake ni mwaka, ule uliozunguka ukarudi pale pale. Huku pwani ni siku ambayo watu hukutana kila mwaka kumkumbuka shekhe au mzee aliyefariki: husomwa Qur'ani, husomwa na wasifu wa marehemu, kisha sinia za pilau hushushwa mkekani. Hauli si arobaini, kwa kuwa arobaini ikipita imepita. Si hitima pia, kwani hitima unaweza kuisoma hata wiki ijayo ukijaliwa.

Kumbukizi ni hauli iliyovuliwa kanzu. Ni tarehe inayorudi kila mwaka kumtaja mtu na alichokiacha, na kwa mazoea ya magazeti yetu tarehe hiyo aghalabu ni ya kifo. Wakiandika "kumbukizi ya Mwalimu", hakuna anayefikiria 13 Aprili aliyozaliwa. Ni 14 Oktoba, aliyofariki mwaka 1999. Kumbukumbu ni neno pana mno, hata karatasi za kikao cha mtaa ni kumbukumbu. Maadhimisho nayo hufaa kwa jambo unalotaka kulipa ukubwa, kama Uhuru. Sherehe iachiwe harusi.

Tarehe yenyewe ina vituko vyake. Anayefuata mwezi mwandamo anajua hauli haikai mahali pamoja. Kila mwaka inasogea nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani. Basi hata Wazungu yaliwakuta. Isaac Newton, mwanasayansi Mwingereza, alifariki London tarehe 20 Machi, kwa kalenda ya zamani waliyokuwa nayo Waingereza. Kwa kalenda ya sasa, siku hiyo ni 31 Machi 1727. Na kwa kuwa kwao mwaka mpya ulikuwa unaanza 25 Machi, kaburi lake limeandikwa 1726! Utasikia pia kwamba Newton alizaliwa mwaka ule ule aliofariki Galileo, 1642. Inapendeza masikioni, lakini inakubali tu ukichanganya kalenda mbili. Ya Stephen Hawking ndiyo haina mchanganyo: alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya Galileo kufariki. Mimi naiita sadfa. Siku zenyewe ni 365 tu, na watu ni wengi.

Turudi kwa Pasteur. Alifariki karibu na Paris tarehe 28 Septemba 1895, na kaburi lake liko chini ya jengo la taasisi yenye jina lake. Miaka kumi kabla, Julai 1885, alikuwa amemchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Ndiyo maana tarehe hiyo ya kifo imefanywa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kumbukizi ya namna hii naipenda, maana inampa mtu kazi ya kufanya. Mbwa achanjwe. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali akachanjwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona.

Mshindani wake, daktari Mjerumani Robert Koch, alifariki 27 Mei 1910, na majivu yake yamehifadhiwa kwenye taasisi yake huko Berlin. Lakini dunia haimkumbuki sana siku hiyo. Inamkumbuka 24 Machi, siku aliyotangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Hiyo si hauli. Ni kumbukumbu ya kazi.

Sisi wa Tanga tungekuwa na haki ya kumsomea Koch hauli kamili, nzuri na mbaya zake. Mwaka 1905 alifika Amani, huko juu ya Muheza, kwenye taasisi ya utafiti ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Katika safari hiyo hiyo ya Afrika Mashariki alichunguza papasi, wale wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Akaona kwamba vijidudu vya homa ya papasi hupita mpaka kwenye mayai ya papasi, kwa hiyo watoto wake huzaliwa nao. Mwaka uliofuata akaenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Kwenye hauli ya shekhe hatusomi makosa yake, na ni adabu. Kwa mwanasayansi, ukiyaruka umesoma nusu ya wasifu.

Mpwa wangu alifuta "tunasherehekea", akaandika: "Leo ni kumbukizi ya kifo cha Louis Pasteur. Nyumbani kwenu mbwa amechanjwa?" Babu yake akavaa miwani, akasoma mara mbili, akauliza pilau iko wapi. Asubuhi yake binti alimfunga Simba kamba shingoni, akamvuta barabara nzima mpaka kwa afisa mifugo, mbwa kakaza miguu yote minne.