Gari kuchomoka si breki kufeli

Gari likishavunja ukuta wa duka na kuingia hadi kaunta, vumbi halijatulia utamsikia mtu akisema: breki zimefeli. Dereva mwenyewe, mikono ikimtetemeka, ataitikia hivyo hivyo. Kesho yake habari itaandikwa hivyo. Kisha gari litaburutwa gereji, na fundi atakuta breki nzima, mafuta ya breki yamejaa, pedi bado nene. Hapo ndipo watu huanza kusema kwamba dereva ni mwongo. Mara nyingi si mwongo. Kilichompata kina jina lake, ila jina hilo si breki kufeli.

Kinaitwa kuongezeka kwa kasi ghafla bila kukusudiwa. Gari linachomoka kwa nguvu ambayo dereva hakuitaka, na kwa maelezo yake, breki hazikulizuia. Maneno "kwa maelezo yake" nimeyaweka makusudi. Dhana hii inataja kile dereva alichokiona na kukihisi, haitaji chanzo. Chanzo kinatafutwa baadaye, na kinaweza kuwa mguu, kapeti, pedali yenyewe au kitu kingine kabisa.

Breki kufeli ni habari nyingine. Lori limepakia tani zake, linashuka mteremko wa Kitonga au Iwambi, Tanzania, au limeipita Salgaa upande wa Kenya huku dereva ameweka nyutro ili abane mafuta. Breki zinachemka, au upepo wa breki unaisha, na mguu unakanyaga bila jibu. Angalia kinachosukuma hapo: ni uzito na mteremko. Injini haina hatia, pengine hata haisikiki. Gari linaloongeza kasi bila kukusudiwa ni kinyume chake. Linaweza kuwa tambarare, kwenye maegesho ya hospitali, na injini inalia kama imekanyagwa mpaka mwisho. Ukisikia injini inanguruma huku mtu anakwambia breki zilifeli, jua kuna kitu hakijaelezwa.

Hilo watu wengi wakielezwa wanalielewa upesi. Linaloniudhi zaidi ni kosa la wale wanaojua jina lenyewe, halafu wanalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: gari linaloondoka kwa kishindo likiwa limesimama, na gari lililo mwendoni ambalo pedali yake ya mafuta hairudi juu. Kesi ya kwanza inatumiwa kuthibitisha ya pili, ya pili inatumiwa kukanusha ya kwanza, na mabishano hayaishi.

Tuanze na la kusimama, maana ndilo lililozaa dhana. Miaka ya 1980 Marekani ilijaa malalamiko kuhusu Audi 5000. Mtu anawasha gari, anatoa gia kwenye P (ya kuegesha), na gari linamtoka: linaingia gereji ya nyumba, linapita ukuta, linamgonga aliyesimama mbele. Novemba 1986 kipindi kimoja cha televisheni ya CBS kilionyesha pedali ya mafuta ikishuka yenyewe bila mguu wa mtu. Ilikuja kujulikana kwamba gari lile lilikuwa limetobolewa na kufungiwa mtungi wa hewa ya kusukuma ili pedali ishuke. Audi iliyouza magari 74,000 hivi Marekani mwaka 1985 iliuza kama 12,000 mwaka 1991.

Katikati ya hayo, mwaka 1989, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa ripoti iliyochunguza magari ya aina nyingi, si Audi peke yake. Fasili waliyoiweka ilikuwa na mipaka: kasi kubwa isiyotarajiwa, inayoanza gari likiwa limesimama au linakwenda polepole sana, pamoja na breki kuonekana kana kwamba hazifanyi kazi. Zingatia "kuonekana". Hitimisho lao lilikuwa kwamba visa vingi visivyo na hitilafu ya wazi vilitokana na dereva kukanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Kwa baadhi ya Audi walikuta pia kifaa cha kurekebisha mzunguko wa injini kilichoweza kuipandisha injini ghafla kidogo. Kiasi hicho hakitoshi kuvunja ukuta, lakini kinatosha kumshtua mtu, na mtu aliyeshtuka hukandamiza pale mguu ulipo.

Hapo watu hucheka: nani asiyejua breki yake? Lakini kukosea pedali si kutojua. Akili imeamua breki, amri imetumwa breki, mguu umetua sentimita chache kulia. Umegeuza shingo kutazama nyuma, kiwiliwili kimezunguka, na mguu umezunguka nacho bila taarifa. Kwa kuwa akili inaamini iko kwenye breki, gari linapochomoka jibu lake ni moja tu: ongeza breki. Anakanyaga zaidi, gari linakimbia zaidi. Kwa hiyo dereva anayeapa "nilikanyaga breki mpaka mwisho" anasema anachokijua. Kitu kilikanyagwa mpaka mwisho kweli.

Ndiyo maana leo gari la otomatiki halikubali kutoka P mpaka mguu uwe juu ya breki. Kufuli hiyo ilienea baada ya sakata la Audi, na malalamiko ya aina hiyo yakapungua. Kama kompyuta ndiyo ingekuwa inajiamulia kukimbia, kumlazimisha dereva aguse breki kwanza kusingesaidia sana.

Sasa la pili. Tarehe 28 Agosti 2009, Santee, karibu na San Diego, askari wa doria ya barabara kuu ya California ambaye hakuwa zamu alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa na muuzaji wakati gari lake likitengenezwa. Gari likashika kasi kwenye barabara kuu na likagoma kushuka. Mmoja wa waliokuwemo alipiga simu ya dharura akisema hawana breki. Wote wanne walikufa. Uchunguzi ulikuta kapeti zito la mpira la Lexus ya aina nyingine, kubwa kuliko nafasi yake na halikufungwa kwenye vibanio vyake. Ukingo wa kapeti ulikuwa umeishika pedali ya mafuta kwa chini.

Huyu hakukosea pedali. Alikanyaga mafuta kwa hiari yake, labda kulipita gari la mbele, kama sote tunavyofanya. Kilichokuwa nje ya makusudi yake ni mafuta kutorudi. Na breki zake hazikuwa zimekufa pale mwanzoni. Breki za gari dogo la petroli husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Mafuta yakiwa wazi kabisa mvuto huo hupungua, na ukibonyeza na kuachia mara kadhaa akiba inakwisha, pedali inakuwa ngumu mno, kisha breki zinaungua. Kuzima nako hakukuwa rahisi: gari lile lilikuwa la kitufe, na likiwa mwendoni lilitaka ukishikilie kwa sekunde tatu. Ukiwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, nani anakumbuka kushikilia kitufe?

Baada ya hapo Toyota, mwenye Lexus, iliita magari milioni 3.8 yarudi kurekebishwa Marekani kwa ajili ya makapeti, na Januari 2010 mengine milioni 2.3 kwa pedali zilizokuwa zikinata badala ya kurudi. Wahandisi wa NASA walikabidhiwa mfumo wa elektroniki waupekue. Ripoti ya Februari 2011 haikukuta kasoro ya elektroniki inayoweza kufungua mafuta kwa kiasi kikubwa. Ilibaki na pedali inayonata na kapeti.

Kwa ripoti hiyo kuna wanaotamba: mnaona, ni madereva tu! Sivyo. Kapeti na pedali si madereva. Mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 Marekani kwa sababu ya kuwapotosha wateja juu ya kasoro hizo hizo. Wengine wanatamba kwa kesi ya Oklahoma ya 2013, ambako baraza la wazee wa mahakama liliupokea ushahidi wa mtaalamu kwamba programu ya kompyuta ya gari ilikuwa na kasoro, na kumpa dereva fidia. Nao wana hoja yao. Lakini kesi ya Toyota Camry moja ya Oklahoma haikuambii chochote kuhusu gari lililoingia dukani kwenu.

Hapa kwetu la kapeti linatuhusu kuliko tunavyokiri. Gari linatoka Japani na kapeti lake lenye tundu la kubania. Msimu wa matope tunaweka la mpira juu yake, bila kibanio, na juu ya hilo chupa ya maji inajiviringisha. Chupa ikiingia chini ya breki hiyo ndiyo breki isiyokanyagika, na hapo nitakuruhusu useme breki zilikataa. Kuna pia dizeli yenye turbo (kisukuma hewa ndani ya injini) inayovuja, ambayo huanza kuchoma oili yake yenyewe na kulia juu hata ufunguo ukizimwa. Hiyo ni aina yake pekee, mafundi wa malori wanaijua.

Unachofanya kinategemea uko kwenye lipi. Mafuta yamegoma kurudi: kanyaga breki mara moja, kwa nguvu zote, usiachie, tia N (nyutro), acha injini ipige kelele zake, pembeni ndipo uzime. Gari limechomoka kutoka kusimama: inua mguu kabisa kutoka popote ulipo, ndipo uutue upya. Ushauri wa "kanyaga breki zaidi" unaokuokoa mafuta yakigoma kurudi unaweza kukumaliza gari likichomoka kutoka kusimama, na ndiyo maana sipendi yachanganywe.

Seoul, tarehe 1 Julai 2024, gari liliua watu tisa karibu na jengo la halmashauri ya jiji. Dereva wa miaka 68 alishikilia kwamba gari lilichomoka lenyewe. Maabara ya uchunguzi ilikuta alama ya soli ya kiatu chake kwenye pedali ya mafuta.

Kwa hiyo mtu akishuka kwenye gari mbele ya ukuta uliobomoka na kukwambia breki zimefeli, usimbishie pale pale, wala usimwite mwongo. Mpe maji. Akitulia, muulize injini ilikuwa inalia vipi, na gari lilikuwa limesimama au linakwenda.