Kila fumbo la Yoda lina mwenyewe

Nikisema tu kwamba kazi yangu ni kuhariri skripti, lazima atokee mdau wa Star Wars, zile muvi za vita vya angani, aniulize Yoda, yule mwalimu mzee wa kijani, alikuwa anamaanisha nini pale aliposema hivi au vile, na mara nyingi muulizaji jibu analo tayari, kaliona kwenye fulana au ukutani gym, anachotaka ni mtu wa kumuunga mkono. "Fanya au usifanye, hakuna kujaribu." Watu wameshaugeuza huo mstari kuwa wimbo wa kujituma, pambana, usikate tamaa, mambo hayo. Mi naona pale Yoda hazungumzii kujituma kabisa.

Namna yangu ya kudadavua mistari ya aina hii ni kama kusoma kanga. Maneno ya kanga ukiyasoma dukani yanabaki maneno tu, mpaka ujue kaivaa nani na kapita nayo mbele ya mlango wa nani, hapo ndo unacheka au unanuna. Mzee wa kwenye muvi naye haongei na dunia nzima, anaongea na mtu mmoja aliyesimama mbele yake, na huyo mtu sekunde chache nyuma kasema kitu.

Rudisha nyuma basi. The Empire Strikes Back, 1980, kwenye kinamasi cha sayari ya Dagobah. Chombo cha angani cha Luke, kijana anayefundishwa na Yoda, kimezama chote, anatakiwa akiinue bila kukigusa, kwa nguvu ya akili, na kabla hata hajanyoosha mkono anaanza kulalama kwamba kuinua mawe sawa, ila hiki ni kitu kingine kabisa. Yoda anamkatalia, tofauti iko kichwani mwako tu. Luke kwa unyonge, haya, ngoja nijaribu. Mstari ndo unakuja hapo. Yaani dogo ameshajiandalia pa kutokea kabla hajaanza, likishindikana atasema si nilikuwa najaribu tu, na mzee anamzibia njia. Ukitaka uhakika endelea kutazama: chombo kinapanda kidogo, kinazama tena, Luke anasema ni kikubwa mno. Yoda anakitoa mwenyewe mpaka nchi kavu. Luke anasema siamini, anajibiwa "ndiyo maana unashindwa." Huu wa pili ndo ufunguo wa ule wa kwanza, hauna fumbo hata chembe, na kwenye fulana sijawahi kuuona.

Hii skripti inaurudia mchezo huo tena na tena. Mzee anatega kitu kigumu, halafu palepale anakitegua kwa lugha nyepesi, na mwanafunzi hasikii kwa sababu bado anahangaika na lile gumu. Watazamaji tupo hivyohivyo. Mfano mzuri kuliko yote ni pango. Luke anauliza mle ndani kuna nini, Yoda anasema "ni kile tu utakachoingia nacho." Nimesoma maelezo marefu ajabu kuhusu huo mstari, nafsi, kivuli, ndoto, mengine mazuri tu siyakatai. Lakini mara baada ya hapo mzee anamwambia silaha zako hutazihitaji! Wazi kabisa. Luke anamwangalia, anafunga mkanda wake wenye silaha, huyo, kaingia. Ndani anatokea Darth Vader, adui yake mkubwa mwenye barakoa nyeusi, na angalia vizuri nani anatangulia kuwasha upanga wake wa mwanga: ni Luke. Anamkata kichwa, barakoa inapasuka, sura iliyomo ni ya kwake mwenyewe. Kwa hiyo kile alichoingia nacho hakihitaji shahada ya falsafa, kilikuwa kiunoni. Halafu miaka 3 baadaye, kwenye Return of the Jedi, Vader yuko chini hana mkono, Palpatine, bosi wa Vader, anamshangilia Luke ammalizie, na Luke anautupa upanga. Watu wanasema kabadilika ghafla. Aliambiwa tangu Dagobah, ila aliambiwa kwa ule mstari ambao hakuna aliyeushika.

Sasa kuna mafumbo ambayo mzee anayatoa kwa sababu ana kitu anaficha, na hapa bingwa ni mzee mwingine, Obi-Wan, mwalimu wa kwanza wa Luke. Kwenye muvi ya kwanza, mwaka 1977, anamwambia Luke kwamba Vader alimsaliti na kumuua baba yake. Mwaka 1980 Vader anasema baba yako ni mimi. Mwaka 1983 Luke anamrudia mzee, ambaye kwa sasa ni mzimu, mbona ulinidanganya, na mzee bila aibu anajibu kwamba alichosema kilikuwa kweli, kutegemea umesimama wapi unapotazama. Watu wanaandika kurasa na kurasa hapo, ukweli una pande nyingi sijui nini. Mi jicho la kazini linaona kiraka. Leigh Brackett, aliyeandika rasimu ya kwanza ya ile muvi ya 1980 na kufariki Machi 1978 muda mfupi tu baada ya kuikabidhi, alimleta mzimu wa baba yake Luke akaongea na mwanae, mtu tofauti kabisa na Vader. Maana yake yale maneno ya 1977 yalikuwa ukweli mtupu, yakaja kugeuka uongo George Lucas, mtunzi wa Star Wars, alipobadilisha hadithi, ikabidi mzee abebe lawama mwenyewe.

Na kiraka chenyewe nakipenda kwelikweli. Rudi utazame ile ya 1977, Luke akiuliza baba yake alikufaje, Alec Guinness, aliyecheza Obi-Wan, anasita kidogo kabla ya kujibu. Leo unamuona mzee anatafuta aseme nini, wakati mwigizaji siku ile hakuwa na siri yoyote ya kuficha.

"Yupo mwingine" nayo ni ya ukoo huohuo. Obi-Wan anasema kijana huyu ndo tumaini letu la mwisho, Yoda anasema hapana, yupo mwingine. Kila mtu anajua ni Leia, dada pacha wa Luke, lakini kwenye rasimu ya Brackett dada yake Luke ni binti mwingine kabisa, anaitwa Nellith. Kwa pale ulipo mstari ule ulikuwa na kazi moja, Luke anakimbilia mtegoni na mtazamaji aliyezoea kwamba steringi hafi anaambiwa wa akiba yupo, kwa hiyo huyu anaweza kufa. Yoda alijua ni Leia? Ndani ya hadithi alijua, Revenge of the Sith ya 2005 inamuonyesha akishiriki kuwaficha wale mapacha. Nje ya hadithi jina lilipachikwa baadaye. Ukikuta watu wanakeshea ubishi huu mtandaoni, mara nyingi mmoja anajibu la ndani na mwenzie anajibu la nje, na wote wako sahihi.

Kuhusu ile lugha ya Yoda ya kupindua mpangilio wa maneno, wengi wanadhani ndo hekima yenyewe. Sikiliza vizuri alivyochezeshwa na Frank Oz. Anapindua sana pale anapojifanya kizee kisicho na maana, anapekua chakula cha Luke, anagombea taa na R2-D2, roboti ya Luke. Ila "ndiyo maana unashindwa" kaisema imenyooka, "yupo mwingine" imenyooka. Mi nikimsikia amenyoosha naongeza sauti. Yoda akiwa kitandani, karibu ya kufa, Luke anamuuliza moja kwa moja kama Vader ni baba yake, na mzee anaanza kuongea habari za kupumzika, tena kwa kupindua. Luke anang'ang'ana, ndo anakubali kwamba ndiyo, ni baba yako, na hata hiyo kaipindua, kwa hiyo usiifanye kuwa sheria.