Je, wajua? Kwa nini Muingereza mwenye hela zake akihamia Marekani anaonekana kama hajawahi kukopa maishani

Houston kuna Waingereza wengi, na wengi wao wamefuata mafuta. BP na Shell zote zina ofisi kubwa pale, kwahiyo mtu wa Aberdeen, mji wa mafuta kule Scotland, kuhamishiwa Texas ni habari ya kawaida. Sasa chukua injinia wa miaka 45 hivi (Mskoti, tusije tukagombana nao), nyumba yake ya mkopo kailipia miaka na miaka bila kuchelewa, kadi za mkopo anazo, mshahara unaeleweka na tiketi kalipiwa na kampuni. Anatua, anapanga Katy pale pembeni ya Houston, anaenda kuchukua gari kwa mkopo, anatajiwa riba ya kumkomoa au anaambiwa tu haiwezekani. Kampuni ya umeme inataka dipoziti kwanza. Ya simu inamwambia achukue laini ya kulipia kabla, kama mwanafunzi. Bima ya gari nayo inakuja juu, maana Texas inaruhusu kampuni za bima kuchungulia historia yako ya mikopo, tofauti na California au Massachusetts ambako imekatazwa, na miaka yake yote ya kuendesha bila ajali kule kwao mara nyingi haihesabiwi.

Hapo ndo utasikia watu wanasema "skoo yake imeanza sifuri", yaani ile namba inayomuonyesha mkopeshaji unavyoaminika kulipa. Hapana. Na hapa naomba tukae kidogo maana kosa hili linafanya watu washauriane vibaya.

Skoo inayotumika sana na wakopeshaji wa Marekani ni FICO, inaanzia 300 inaishia 850, sifuri haimo humo. Ili upewe namba lazima uwe na angalau akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi 6, na iwepo iliyopelekewa taarifa ndani ya miezi 6 ya karibuni. Ukikosa hayo hupewi namba ndogo, hupewi namba kabisa. Mtu mwenye 480 anajulikana vizuri tu, alikopa akasumbua watu. Injinia wetu hajulikani. Dirishani wote wawili wanaweza wakarudishwa, lakini dawa zao haziingiliani, yule anasubiri madoa yazeeke na huyu anatafuta mtu wa kumuandika kwa mara ya kwanza. Na akishaandikwa haanzi 300 apande ngazi, namba ya kwanza inaweza ikatokea ya wastani tu au hata nzuri.

Kosa la pili ndo limekaa kiakili zaidi. Mafaili ya mikopo Marekani yanashikwa na kampuni tatu zinazokusanya taarifa za wakopaji: Experian, Equifax na TransUnion. Uingereza yanashikwa na nani? Experian, Equifax na TransUnion. Experian yenyewe makao yake makuu yako Dublin na hisa zake zinauzwa soko la London. Kwahiyo mtu anawaza, si wabonyeze tu kompyuta wamuone?

Fikiria daftari la madeni kwa Mangi. Umekaa Sinza miaka, Mangi anakukopesha unga na mafuta ya kula, mwisho wa mwezi unalipa, ukurasa wako ni tiki tupu. Ukahamia Mbeya. Mangi wa kule ni mdogo wake tumbo moja, hata jina la duka ni lilelile, lakini daftari la Sinza limebaki Sinza. Hata akipigiwa simu kuna shida, kule Sinza umeandikwa "Baba Neema, geti jekundu", huyu wa Mbeya anaandika watu kwa namba ya simu, sasa atajuaje ni wewe? Halafu Mangi wa Sinza ana makubaliano na wenye maduka wa mtaa ule, anayeleta habari za wadaiwa ndo anapewa habari, na Mbeya hawamo kwenye makubaliano hayo. Na kuna la tatu ambalo watu wanalisahau kabisa, daftari halijawahi kuandika ulichonacho, limeandika ulichokopa na ulivyolipa. Yule jirani yako tajiri aliyenunua kwa cash siku zote hana hata mstari.

Sasa weka nchi mahali pa maduka. Uingereza haina namba moja ya raia inayofungua faili la mikopo, wanakutambua kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ulizokaa, wakihakikisha na orodha ya wapiga kura. Marekani wanategemea sana namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), tarakimu 9, ambayo mgeni anaipata baada ya kufika, na mwenza wake asiye na kibali cha kazi anaweza asiipate kabisa. Wakopeshaji wa Uingereza wanapeana taarifa kwa kanuni zao za kuleta ndo upate, benki ya Texas haimo humo, na juu yake kuna sheria za faragha za kila nchi. Mshahara haumo kwenye ripoti. Salio la benki halimo. Ndo maana kumuonyesha muuzaji wa gari hela zako zote hakubadilishi faili hata kidogo, ingawa wapo wanaokubali barua ya mwajiri kwa maamuzi yao wenyewe.

Kinachovuka bahari ni pale mwenye daftari akiwa mmoja kweli. American Express, kampuni ya kadi za mkopo, ina utaratibu wa mteja wa nchi moja kuomba kadi ya nchi nyingine, wanaangalia rekodi zao wenyewe. Tangu 2019 pia inatumia Nova Credit, kampuni inayochukua ripoti yako ya nje kwa ruhusa yako na kuigeuza isomeke Kimarekani. Uingereza ilikuwemo tangu mwanzo na Kenya ikaongezwa baadaye, kwahiyo hata wa Nairobi anayehamia Dallas hili linamhusu. Ila aliyeona ripoti hiyo ni yule mkopeshaji tu, haiingii kwenye faili la Equifax. Benki ya HSBC ndo ilikuwa njia ya Waingereza wengi, lakini 2021 ilitangaza kujitoa kwenye wateja wa kawaida Marekani na matawi mengi yakauzwa.

Wengine wanaanza na kadi ya dhamana. Unaweka dola 500, unapewa kikomo cha dola 500. Mtu ana hamu ya kujenga jina, ananunua mafuta ya gari, chakula na kiti cha mtoto, inafika 460, analipa yote kabla ya siku ya mwisho, halafu anashangaa skoo inalegea. Kilichopelekwa kwenye faili mara nyingi ni deni lililopo siku stetimenti (taarifa ya mwezi ya kadi) inafungwa, na siku hiyo alionekana ametumia asilimia 92 ya kikomo. Kiasi unachodaiwa kina uzito wa kama 30% kwenye FICO, cha pili baada ya ulivyolipa ambacho ni 35%. Akilipa siku mbili tatu kabla stetimenti haijafungwa, mwezi unaofuata inarudi. Matoleo mapya kama FICO 10T yanaangalia mwenendo wa miezi mingi kwahiyo mshtuko huu unapungua, lakini mkopeshaji wako anatumia toleo gani ni shauri lake.

Jambo la kumzuia mgeni mapema ni kuomba kadi tano wiki moja kwa hasira ya kukataliwa ya kwanza. Kila ombi linaacha alama inayokaa miaka 2, na kwenye faili tupu alama hizo ndo kitu pekee cha kusoma.



Na mwenye madeni mabaya London naye anaingia Texas faili likiwa jeupe vilevile, ingawa deni lenyewe halijafutwa na mdai bado anaweza kumfuata kisheria. Wanaosahaulika ni wale wanaorudi nyumbani. Akaunti iliyofungwa Uingereza inakaa kwenye faili miaka 6 tu, kwahiyo aliyefunga kila kitu akakaa Houston miaka saba anarudi Aberdeen na hakuna anayemjua, ndo maana wazoefu wanaacha kadi moja ya kule wazi, wanaitumia kidogo kidogo na kuilipa.