Kusoma uzamili wa afya ya akili mtandaoni ukiwa kazini: yanayosemwa Mbeya na yaliyo kweli

Tangu nimalize stashahada ya uzamili ya afya ya akili kwa njia ya mtandao, kila mara kuna mwenzangu ananivuta pembeni, chumba cha chai au baada ya kukabidhiana zamu. Wengine wako Rungwe, wengine Mbarali, mmoja alinipigia kutoka Makete. Maswali yao yanafanana, na mengi yanatokana na mambo ambayo hata mimi niliyaamini kabla sijaanza.

"Kazi ya kuongea na watu haisomwi kwenye kompyuta"

Naanza na hili kwa sababu lina ukweli ndani yake. Hakuna video itakayokufundisha kukaa kimya wakati mama analia mbele yako, wala kumtuliza kijana aliyechachamaa bila kumuumiza. Kozi nyingi za aina hii ni za nadharia. Mazoezi ya wodini hayamo, na ndiyo maana hulenga watu ambao tayari wana wagonjwa wao.

Lakini kuwa na wagonjwa wako ndiyo faida yenyewe.

Tunatumia dodoso la PHQ-9 kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Lina maswali tisa, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na mwenye alama 10 kwenda juu tunamchunguza kwa karibu. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa naishia swali la nane. La tisa linauliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba ni heri afe, au ajidhuru. Nilikuwa nalijaza sifuri bila kuuliza, nikiogopa nitamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Usiku mmoja wa Julai, nimejifunika blanketi mbili, nikafika kwenye somo la kujiua. Pale nikakuta kwamba hofu yangu ni dhana potofu iliyochunguzwa na watafiti mara nyingi: kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Nililala vibaya nikikumbuka sifuri zangu.

Asubuhi nilikuwa CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU. Nikamuuliza mama mmoja swali la tisa, neno kwa neno. (Nimebadilisha mambo madogo hapa ili asitambulike.) Alikuwa amepakata kikapu muda wote. Akakiweka chini, akasema ndiyo, na kwamba dawa ya kupulizia viazi anaiweka chumbani kwake. Kabla hajaondoka tulimpigia dada yake, naye siku hiyohiyo akaenda kuichukua na kuifungia kwake. Mama alianza matibabu wiki ileile na bado anakuja kliniki.

Ningeacha kazi nikaenda kukaa chuoni mbali, somo lile lingebaki daftarini kwa miezi. Kwangu lilifika kwa mgonjwa baada ya usiku mmoja tu. Na CTC za huku si ndogo. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Nyuma ya kila faili la dawa kuna mtu anayeweza kuwa na sonona ambayo hakuna aliyeiuliza.

"Ukimaliza unakuwa daktari bingwa"

Hapana. Ubingwa wa magonjwa ya akili hapa nchini unapatikana kwa shahada ya MMed, yaani uzamili wa udaktari, kama ile ya miaka mitatu ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ukiwa wodini muda wote, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi anayesoma mtandaoni anabaki muuguzi. Ninasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimewahi kuona mtu anaandika "bingwa" kwenye kibao cha duka la dawa baada ya kozi ya miezi michache, na wanaoumia ni wagonjwa.

"Basi kama si bingwa, haina kazi"

Hii inanikera zaidi ya ile ya juu. Mabingwa ni wachache na wako mijini. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP, wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, mwaka 2008, na mwongozo wake wa 2010 uliandikwa kwa ajili ya wasio mabingwa: tabibu wa kituo cha afya, muuguzi wa zahanati. Mambo yaliyomo ni yaleyale tunayokutana nayo kila siku, kuanzia sonona, pombe na saikosisi (mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo) hadi kifafa.

Kifafa peke yake kingetosha. Kliniki zetu za akili ndizo zinazohudumia wenye kifafa, na katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe kama Mbozi, mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe ni chanzo kimojawapo. Hata hapo watu huchanganya. Nyama isiyoiva inakupa mnyoo wa tumboni, lakini uvimbe wa kwenye ubongo unatokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika mdomoni kwa mikono, maji au mboga. Anayejua hivyo anauliza habari za choo cha nyumbani, haishii kuandika dawa ya kifafa kama fenobabitoni.

"Vyeti vya mtandaoni havitambuliki"

Elimu ya masafa si ngeni kwetu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kwa chuo cha nje, anayeamua ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Waulize kabla hujalipa hata shilingi, ukitaja chuo na kozi kwa majina kamili. Pia zungumza na mwajiri wako mapema, kwa maandishi. Cheti kutambuliwa ni jambo moja, kupandishwa cheo ni jingine.

"Ni masomo ya wikendi"

Piga hesabu. Katika vyuo vya Uingereza, cheti cha uzamili ni krediti 60, stashahada 120, shahada ya umahiri (masters) 180, na kila krediti moja huhesabiwa saa 10 za kusoma. Stashahada ni saa 1,200. Ukiigawa kwa miaka miwili, ni kama saa 12 kila wiki, na wiki ya zamu za usiku inahesabiwa vilevile. Semina ya saa 12 jioni kule Uingereza, huku kwetu ni saa 3 usiku majira yao ya baridi, na saa 2 usiku majira yao ya joto. Umeme ukikatika katikati, semina haikusubiri. Mimi nilipakua mihadhara yote ya wiki siku yenye bando la kutosha, nikawa nasikiliza kwenye daladala ya kwenda Uyole.

Kuhusu ada, kabla hujakata tamaa tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya masafa. Unalipia ada za umahiri katika vyuo vya Uingereza, na Watanzania huruhusiwa kuomba.

"Kiingereza ndicho kitakachokushinda"

Kuandika insha kwa Kiingereza cha kitaaluma kulinichosha, sikatai, lakini kunazoeleka. Kilichonishughulisha zaidi ni kurudi kwenye Kiswahili cha wagonjwa. Vitabu vinasema sonona. Mgonjwa wangu anasema ana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio. Hakuna mhadhiri wa ng'ambo atakayekufanyia kazi hiyo ya kuunganisha. Nilifungua daftari la pili, la maneno ya wagonjwa tu, bila majina, na pembeni ya kila neno naandika mtu huyo alikutwa na nini mwishowe. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi wameanza kuliazima.