"Mnatuletea masalo" na imani nyingine za wanaoagiza mboga mtandaoni

Nasimamia ubora wa bidhaa kwenye duka la vyakula linalouza kwa mtandao hapa Dar es Salaam, na kuna neno moja nalisikia tangu tunafungua hadi tunafunga: "Nyie si mnatuletea masalo, yale waliyokataa wanaofika dukani?" Anaweza kuwa mama mtu mzima wa Mbezi, anaweza kuwa kijana wa Sinza, na juzi alikuwa fundi aliyekuja kututengenezea friza. Sasa naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hii.

Tuanze na hesabu. Ukiuziwa nyanya mbovu sokoni, utalalamika ukiwa kwenye daladala na yakaishia hapo. Ukiletewa nyanya mbovu nyumbani, unapiga picha, unatuma WhatsApp, unadai hela yako, na kufikia jioni picha iko Instagram. Kwangu mimi kilo moja iliyorudishwa imekula nyanya zenyewe, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na faida yote ya oda ile. Masalo yana wateja wake halali: wapika chipsi na mama lishe wanaoyahitaji kwa rosti ya siku hiyo hiyo, kwa bei yake. Kuyalipia bodaboda yapande hadi Mbweni ni kujitafutia hasara.

Halafu watu husahau nyanya imetoka wapi. Nyingi zinazoliwa Dar zinatoka Ilula, Iringa. Zinateremka kwa lori zaidi ya kilomita 400, zimejazwa kwenye matenga ya mbao mpaka zinafura juu, tenga limepandwa na tenga. Ya chini kabisa imebeba uzito wa wenzake wote tangu Mikumi hadi Kibaha. Mchubuko wake hauonekani siku ya kushushwa. Unaonekana kesho yake, kama doa laini karibu na kikonyo, na keshokutwa linatoa maji. Nyanya hizo hizo ndizo ziko Ilala, ndizo ziko Mabibo, ndizo ziko gengeni kwako. Tena gengeni kila apitaye ameziminya kwa kidole gumba kabla yako. Stoo kwetu anaziminya mtu mmoja, na nimemfundisha asiminye: azigeuze, atazame kikonyo.

Kinachoharibu mboga yako ni joto na muda. Mchicha ukishakatwa bado unapumua na kupoteza maji, na hapa kwetu nyuzi joto 32 si habari. Unatoka stoo majani yamesimama. Unakaa foleni ya Mwenge jua la saa saba. Dereva anafika getini, anapiga simu, inaita hadi inakata. Anapiga tena. Mteja yuko kwenye kikao, au simu ameiacha chaji chumbani. Boksi liko juani. Mfuko ukija kufunguliwa majani yamelala, na napokea ujumbe: masalo.

Kwa hiyo ushauri wangu, nao nitaurudia mpaka nistaafu: agiza asubuhi, pokea simu, na fungua mfuko dereva akiwa bado amesimama. Anayeagiza saa kumi na moja jioni anashindana na foleni ya mji mzima.

La pili, andikeni maelezo. Kile kisanduku chini ya oda hakikuwekwa kwa urembo. Kijana anayekusanya oda anaona "nyanya kilo 2", basi. Hajui kama ni za mchuzi wa leo au za kachumbari ya Jumapili. Andika "za kukaa siku nne" atakuchagulia zenye kijani kidogo. Andika "za kupika leo" atakupa nyekundu kamili. Parachichi nalo haliivi likiwa mtini, linaiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo gumu si bovu. Sema utalila lini. Nanasi ni kinyume chake. Lile la Kiwangwa likichumwa changa haliongezeki utamu hata ulilaze jikoni wiki nzima, kwa hiyo ukiletewa changa likatae, usilionee haya. Huwa nasoma maelezo ya oda zote za asubuhi na karibu yote yanasema neno moja: "haraka".

Kuna na wale ambao oda ilifika vizuri, wakaiharibu wenyewe. Nyanya wanazisukumia kwenye friji, ladha inakufa. Ndizi nazo humo humo, zinatoka nyeusi. Mchicha wanauosha, wanaufunga na maji yake kwenye mfuko, siku ya pili unateleza. Nyanya na ndizi zikae nje kivulini. Mchicha uoshwe unapotaka kupika.

"Nyama ikifika imelegea, nairudisha tu kwenye friza, baridi itaua vijidudu." Haiui. Baridi inavilaza, na vikipata joto vinaamka na kuendelea kuzaana. Nyama mbichi na samaki vikae chini ya nyuzi 5, na kama vimekaa nje saa mbili kwa joto la kawaida, saa moja tu kwa joto letu la Februari, usijidanganye kwa barafu. Iguse inapofika. Ikiwa bado baridi kama ya friji, pika au hifadhi. Ikiwa vuguvugu, irudi na dereva. Na mkiona tumeitenga nyama kwenye boksi lake, msituambie tunapoteza nafasi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 wengi tunatumia ya karatasi, na karatasi ikilowa jasho la nyama baridi inachanika ngazini, viazi vinashuka vyenyewe hadi chini.

Bei? Hapa nusu ya lawama ni ya kweli. Oda ndogo mtandaoni ni ghali, nauli inaimeza. Lakini anayelinganisha kilo yetu na fungu la gengeni analinganisha vitu viwili. Fungu la nyanya ni tano leo, msimu wa mvua ni tatu, bei ile ile. Beba fungu lako uliweke kwenye mzani ndipo tuongee. Na "usafirishaji bure" haupo kokote duniani. Ukiuona, jua umeshalipia kwenye bei ya mafuta ya kupikia.

Ya mwisho inatoka kwa wanaotaka kufungua duka kama letu: kwamba oda zikiongezeka, hela nayo inamiminika. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliondoka Tanzania Novemba 2019, na huduma yake ya chakula ikafungwa Kenya na Uganda mwishoni mwa 2023. Copia ya Kenya, nayo ya kuuza bidhaa kwa oda, iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Mei 2024. Marekani, Webvan iliyouza vyakula mtandaoni ilianguka mwaka 2001. Wateja walikuwepo. Kilichowabana wengi katika kazi hii ni nauli: bodaboda anayepeleka pilipili hoho mbili Tegeta anachoma mafuta sawa na anayepeleka kapu la wiki nzima. Ndiyo maana tuna kiwango cha chini cha oda, wala si roho mbaya. Mnaokaa jengo moja agizeni kwa pamoja, kila mtu aandike jina na namba ya mlango. Tunafunga mifuko mbalimbali, nauli inakuwa moja.