Snow White: yanayosemwa sebuleni na yaliyo kweli

Shule zikifungwa Desemba, katuni huwa mlezi wa pili katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, na Snow White ya mwaka 1937, filamu ya Walt Disney kuhusu binti wa mfalme anayewindwa na malkia, haikosi kwenye flashi. Watoto hutazama kimya. Watu wazima waliokaa nyuma ndio hueleza, na mengi wanayoyaeleza siyo.

"Hadithi hii aliitunga Walt Disney."

Disney alizaliwa 1901. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapa hadithi hii mwaka 1812, na hata wao hawakuitunga: waliipata kwa wasimulizi. Katika chapa ile ya kwanza anayetaka binti auawe ni mama yake mzazi. Ilipofika chapa ya 1819 ndugu hao wakambadilisha kuwa mama wa kambo. Basi lawama zinazowaangukia mama wa kambo kila katuni hii inapowashwa zina mkono wa mhariri ndani yake. Mbilikimo saba nao kitabuni hawana majina. Doc, Grumpy, Dopey na wenzao ni majina ya filamu.

"Mwana wa mfalme alimbusu, akaamka."

Kwenye filamu, ndiyo. Kwa Grimm hakuna busu. Mwana wa mfalme anaomba apewe jeneza la kioo, watumishi wanalibeba, wanajikwaa kwenye kichaka, jeneza linatikisika, na kipande cha tufaha kinamtoka binti kooni. Busu limo katika hadithi yao nyingine, ya binti aliyelala miaka mia.

Tena malkia wa kitabuni hajaribu mara moja. Anaanza na kamba za kubana nguo kiunoni, anafuatia na kitana chenye sumu, ndipo analeta tufaha. Msimulizi wa mdomo anapenda mara tatu, maana ya tatu ikifika wasikilizaji wanaitikia kabla hajamaliza. Mchoraji wa katuni kila jaribio linamgharimu maelfu ya michoro. Kubakiza tufaha peke yake ulikuwa uamuzi mzuri. Mwisho wa malkia nao ulibadilishwa: filamuni anaporomoka gengeni, kitabuni anavikwa viatu vya chuma vya moto na kuchezeshwa harusini mpaka afe. Unayetaka kumsomea mtoto kitabu baada ya filamu, ujue ukurasa huo unakuja.

"Ndiyo katuni ndefu ya kwanza duniani."

Ni ya kwanza ndefu kutengenezwa Marekani kwa michoro ya seluloidi, yaani karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye sauti na rangi. Lakini Quirino Cristiani wa Argentina alitoa katuni ndefu mwaka 1917, ambayo leo haipo tena. Ya zamani zaidi iliyosalia ni ya Mjerumani Lotte Reiniger, ya 1926, kuhusu mwana wa mfalme Achmed, na chanzo chake ni Alfu Lela u Lela, visa ambavyo pwani hii havihitaji kutambulishwa. Reiniger alikata vivuli vya watu kwenye karatasi ngumu na bati jembamba la madini ya risasi, akaviunga kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini yake na kamera juu.

Njia hiyo inafanyika hata darasani Mikindani kwa simu moja. Kata mhusika kwenye karatasi ngumu nyeusi, kila kiungo kipande chake: mkono wa juu, mkono wa chini, paja, mguu. Unga kwa uzi wenye fundo pande zote mbili. Fundo likibana sana kiungo hakigeuki, likilegea mkono unaning'inia. Laza kioo juu ya viti viwili, tandika juu yake karatasi nyeupe nyembamba ili mwanga utawanyike, weka taa chini. Simu ifungwe juu ikitazama chini. Picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 120. Kwa mwendo wa taratibu sogeza kiungo milimita mbili tatu kila picha. Ukizidisha, mhusika anaruka badala ya kutembea.

Kazi huharibikia mahali patatu. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, filamu nzima inapepesa, kwa hiyo funga kipimo cha mwanga na fokasi kabla ya picha ya kwanza. Wingu likipita dirishani nalo linaleta kasoro ileile, ziba dirisha. Na simu ikibonyezwa kwa kidole inasogea kila mara, hivyo piga picha kwa kitufe cha sauti cha hedifoni.

"Kila picha ya Snow White ilichorwa upya yote."

Ingekuwa hivyo wasingemaliza. Filamu ina dakika 83, na kwa fremu 24 kila sekunde unapata fremu 119,520. Ila mandhari ya nyuma yalipakwa rangi mara moja kwenye karatasi, na wahusika wakawekwa kwenye seluloidi inayopitisha mwanga: mstari wa wino upande wa mbele, rangi upande wa nyuma, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake. Mara nyingi mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, hivyo sekunde moja inahitaji michoro 12. Kina kile unachokiona msituni kilitoka kwa kamera iliyotazama chini kupitia tabaka za vioo vilivyopachikwa kwa umbali tofauti. Na mwendo wa Snow White una mtu nyuma yake: mchezaji dansi Marjorie Belcher alirekodiwa akicheza, wachoraji wakamfuata.

Katuni za kompyuta za leo nazo hazijichori. Kompyuta inakokotoa mwanga na rangi. Nani anyanyue jicho, na lini, bado anaamua mtu.

"Hadithi za namna hii ni za Wazungu, kwetu hakuna."

Chukua ile ya paka mwenye viatu, anayempatia bwana wake masikini utajiri na binti wa mfalme kwa hila, iliyochapwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697. Sasa soma Sultan Darai, iliyoandikwa Zanzibar kwa Kiswahili na kuchapwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870. Masikini anayepekua jaa ananunua paa anayesema. Paa anampelekea sultani almasi, anamsifia bwana wake, anadai bwana ameporwa nguo njiani, anamwozesha binti wa sultani, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana nyumba ya nyoka huyo. Mfupa ni uleule. Tofauti iko mwishoni: paka wa Perrault anastarehe, paa anaugua na kufa amedharauliwa, na bwana anajikuta tena jaani. Kwa ladha yetu huu wa pwani ndio mwisho wenye meno. Steere huyohuyo, mwaka 1876, alipita Lindi na msafara wa watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi Masasi.

Hadithi ya Grimm haina mwenyewe kisheria. Ichore, iigize, iuze. Filamu ya 1937 ina mwenyewe kwa sheria ya Marekani, pamoja na majina ya mbilikimo wake, na kuwa nayo kwenye flashi si ruhusa ya kuionesha kwa kiingilio.

"Ni katuni tu, waache peke yao."

Msitu wenye macho na matawi yanayoshika nguo unakuja mapema, watoto hawajatulia. Malkia kugeuka kikongwe kunafuata baadaye. Wadogo wa chini ya miaka sita wawe na mtu mkubwa pembeni.

"Mistari myeusi pembeni ni ubovu wa projekta."

Filamu hii ina umbo la karibu 4 kwa 3. Ukiivuta ijaze skrini pana, mbilikimo wananenepa na uso wa malkia unakuwa bapa. Ukiikuza, vichwa vinakatwa. Iache na mistari yake, au tundika shuka la mita 2.4 kwa 1.8 uijaze sawasawa. Mtwara jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro dakika kumi jioni kulingana na mwezi, kwa hiyo usiwashe kabla ya saa moja na robo, maana matukio ya gizani yatapotea. Upepo wa kusi ukivuma, pitisha fito kwenye pindo la chini la shuka na uifunge ncha zote mbili.